Jicho la Huruma

Watu wengi wakimwona mzee aliyestaafu kwa maradhi ameshika brashi, husema, "Afadhali, amepata cha kupotezea muda." Kisha huitazama picha yake kwa huruma na kumwambia, "Umejitahidi." Sisi walimu tunalifahamu sana neno hilo. Aghalabu huandikwa kwenye ripoti ya mwanafunzi pale panapokosekana la kusifu.

Jicho hilo la huruma halifai kuhukumu sanaa, na shahidi wangu ni George Lilanga. Mmakonde huyu, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki Dar es Salaam mwaka 2005, alianza kwa kuchonga. Katika miaka ya 1970, akiwa Nyumba ya Sanaa, aliwahamishia mashetani wake kwenye michoro na rangi: viumbe wenye masikio mapana, matumbo yaliyotuna na nyayo kubwa zenye vidole vichache. Mwishoni mwa maisha yake kisukari kilisababisha akatwe mguu. Hata hivyo hakuacha kazi. Aliendelea kuchora akisaidiwa na vijana wake.

Sasa, mtazamaji akishaipata habari ya mguu, huanza kuona kilio katika kila unyayo. Lakini nyayo hizo zilikuwapo miaka mingi kabla ya ugonjwa. Zitazame picha zake za mwisho kana kwamba hukuambiwa lolote. Utaona viumbe wamesongamana kama abiria wa basi, huyu anacheka, yule anacheza, rangi zinapigana vikumbo mpaka ukingoni mwa ubao. Hiyo ni furaha na kejeli, msiba haumo. Zipo pia ambazo viumbe wamejirudia tu bila jambo jipya, na hilo nalo lisemwe. Kumsamehe msanii kwa kuwa ni mgonjwa ni kumtoa katika daraja la wasanii.

Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Henri Matisse wa Ufaransa alikuwa karani wa sheria. Alipougua tumbo, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, mama yake alimpa rangi ajiliwaze kitandani. Leo hakuna anayekwenda kutazama picha zake ili kumpa pole.

Mimi nami, niliyeacha ofisi mapema kwa sababu ya maradhi, nachora hapa Magomeni, Kilosa. Naomba haki hiyo hiyo. Ukiona Mto Mkondoa wangu hautiririki, sema hautiririki. Ukiona kivuli cha mwembe kimeangukia upande uliko jua, nionyeshe. Maradhi yalinipa nafasi ya kukaa na kutazama, lakini hayakunifundisha kuchanganya kijani. Hilo nalitafuta kila siku kama mwanafunzi mwingine yeyote. Salamu za kunijulia hali nazipokea kwa shukrani. Picha nayo ipewe alama zake yenyewe.