Kule Budo, Nani Alikuwa na Kiburi?

Juma lililopita tulijibana watu kumi na wawili mbele ya kompyuta moja, jenereta ikinguruma nje, tukaangalia filme Queen of Katwe. Najua iko ya zamani kidogo, ya 2016. Lakini wengi wetu hatukuwa tumeiona, na yule aliyeileta kwenye flashi alisema itawatia moyo vijana wetu kabla ya mashindano ya shule ya mwezi ujao, juu wanajiandaa kucheza na ile ekipe ya mjini ambayo kila mwaka inakuja Kiwanja na kelele nyingi. Mimi nilitoka pale na wazo lingine kabisa, njo ninaandika.

Kwa wasioiona: Phiona Mutesi ni msichana wa Katwe, mtaa wa maskini wa Kampala. Baba alishakufa, mama anahangaika, mtoto anauza mahindi barabarani. Siku moja anamfuata kaka yake hadi mahali ambapo mwalimu Robert Katende anafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Anabaki, kwanza kwa ajili ya uji. Hadithi ni ya kweli, Tim Crothers aliiandika katika kitabu mwaka 2012, kisha Mira Nair akaipiga filme. Lupita Nyong'o anacheza mama, David Oyelowo mwalimu, na Phiona mwenyewe anachezwa na Madina Nalwanga, mtoto wa Kampala ambaye huoni kabisa kama anaigiza.

Sasa tuingie Budo. Katende anapeleka watoto wake kushindana na wanafunzi wa King's College Budo. Ile siyo shule ya kuchezewa. Ilianzishwa 1906, iko juu ya kilima ambako wafalme wa Buganda wanatawazwa. Watoto wa Katwe wanafika na nguo zao za kuokoteza, wanaonyeshwa vitanda vizuri, usiku wanalala chini, wote pamoja, kama nyumbani. Kesho yake mmoja wa watoto wa Budo anasalimia kwa mkono, halafu anaufuta ule mkono.

Hapo chumba chetu kililipuka. "Mupige huyo! Mupige!" Kwenye sataranji hakuna kupiga mtu, lakini kila mtu alielewa. Phiona aliposhinda tulisimama wote, hata mimi, na mtu mmoja akamwaga chai kwenye waya za kompyuta.

Nimefikiria sana ule mkono uliofutwa. Mwongozaji alijua anachofanya: ametupa adui rahisi. Yule kijana wa Budo, filme nzima hatumuoni kwao. Hana mama, hana hofu, hana hata jina ambalo mtu alilikumbuka tulipotoka. Amewekwa pale ili achukiwe dakika kumi, apigwe, aondoke. Katwe imepewa uhai kamili: deni la nyumba, mvua inayoingia ndani, dada mkubwa anayetoroka na mwanaume wa pikipiki. Budo imepewa mashati meupe tu. Kwa filme inayojua kuangalia watu vizuri namna ile, ni uvivu.

Na uvivu huo unaficha jambo. Kabla ya Budo kuna sehemu fupi ambayo sisi wote tuliipita tukiwa bado tunagawana karanga. Katende anaenda kwa mkubwa wa sataranji kuomba watoto wake waandikishwe. Jibu ni hapana. Mashindano ni ya shule, hawa watoto hawana shule. Anasema kwa upole, amekaa kwenye kiti chake, hakuna anayefuta mkono. Mwalimu inabidi asukume, arudi, atafute na pesa ya kuingilia, hadi mlango ufunguke kidogo.

Mimi naona mechi ngumu ilikuwa pale ofisini. Kwenye mbao ya miraba 64 Phiona alikuwa sawa na yeyote, askari wake 8 na askari 8 wa mwenzake. Ofisini hakuwa na hata askari mmoja. Mtoto mwenye dharau unaweza kumfunga, akajifunza. Karatasi inayosema "wewe siyo mwanafunzi" utaifunga vipi?

Sisi Wakongomani tulipaswa kuwa wa kwanza kuona hili. Wazee wetu bado wanaona haya juu ya 1974, Zaire kule Ujerumani Magharibi: 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazil. Dunia ilicheka. Ilicheka zaidi pale Mwepu Ilunga alipotoka kwenye ukuta na kuupiga mpira wa adhabu uliokuwa wa Wabrazil, wakasema huyu Mwafrika hajui sheria za mpira. Lakini ile ekipe ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka uleule, na Ndaye Mulamba alikuwa amefunga mabao 9 kwenye Kombe la Afrika! Wachezaji wenyewe walieleza baadaye: pesa waliyoahidiwa ilipotelea mikononi mwa wakubwa waliosafiri nao, na mechi ya Yugoslavia walitaka hata kuikataa. Mwepu alisema alijua sheria vizuri, alikuwa na hasira tu. Dharau ya wageni ilikuwepo, sikatai. Ila walikuwa wameshapigwa kabla ya kuvaa viatu, na watu wa kwao.

Turudi kwenye filme, juu nataka kumtendea haki Katende. Kabla ya kucheza, watoto wakiwa wanatetemeka, hawaambii kwamba wao ni bora kuliko Budo. Anawapa hadithi ya mbwa aliyekuwa anafukuza paka na kushindwa kumkamata, kwa sababu mbwa alikuwa anakimbilia chakula na paka anakimbilia uhai wake. Hotuba zetu za kabla ya mechi tunazijua: "Hawa ni nani? Nao wanakula fufu kama sisi!" Ni kelele juu ya mpinzani. Katende anaongea juu ya watoto wake na njaa wanayoijua. Makocha wetu wangemsikiliza.

Lakini hata hiyo hadithi iko na sumu yake, na hapa njo naisifu filme kweli. Ukishamfundisha mtoto kwamba kila mchezo ni uhai, siku atakayopoteza atajiona amekufa. Phiona anaenda Olimpiadi ya sataranji ya 2010, Khanty-Mansiysk, Urusi. Anakutana na mchezaji wa Kanada asiye na dharau yoyote. Hafuti mkono, hacheki. Amejiandaa tu kumushinda. Phiona anaanguka vibaya, anarudi Katwe akiwa hataki hata kuona mbao. Mwenye majivuno alikuwa rahisi. Huyu mkimya njo alimpiga. Nadhani hizo ni dakika za kweli kuliko zote katika filme, na kwenye chumba chetu hakuna aliyepiga kelele.

Niseme na langu. Nilipokuwa mwaka wa tano sekondari, ekipe yetu ilijiandaa miezi miwili kucheza na shule moja kubwa. Tulifanya mazoezi saa kumi na moja asubuhi, wengine bila viatu. Walifika na basi, jezi mpya, wakacheka tereni letu mbele yetu. Tuliapa. Halafu asubuhi ya mechi ikasomwa orodha: asiyemaliza minerval hachezi. Wakatoka beki wetu na yule wa namba kumi. Walikaa kwenye nyasi kando ya tereni na mazoezi yao yote miguuni. Tulipigwa 4-1. Miaka yote hiyo nimewasimulia watu kiburi cha wale wa basi. Ile orodha sikuwahi kuisimulia, hadi juma lililopita.

Ninaileta leo kwa sababu moja. Rasimu ya kanuni za mashindano ya mwezi ujao tumeiandika sisi, wenye diploma. Inasema mchezaji aonyeshe risiti ya minerval na buletini ya mwaka uliopita. Nani aliipendekeza? Mimi pia nilinyanyua mkono. Ilionekana ni utaratibu mzuri, wa kuzuia wachezaji wa kukodi. Nia ilikuwa safi, kama ya yule mkubwa wa Kampala pengine.

Lakini angalieni Kiwanja yetu. Elimu ya bure ya tangu 2019 ni ya shule ya msingi, sekondari bado inalipwa. Na buletini? Tangu 2008 hadi hii vita ya sasa, ni nyumba gani hapa haijawahi kukimbia ikaacha kila kitu? Mama akikimbia usiku anabeba mtoto na sufuria. Nani atakumbuka buletini? Kuna kijana anacheza winga ya kushoto upande wa kwetu, mnamjua wote, amerudi shule mwezi wa pili baada ya kuishi kambini. Hana karatasi hata moja. Anakaa darasani kila siku, mwalimu wake anaweza kumtambua kwa jina na kwa mwandiko.

Wengine mtasema tukifungua mlango, ile ekipe ya mjini italeta wanaume wenye ndevu. Inawezekana! Basi tutafute njia ya kuwazuia wenye ndevu bila kumuzuia winga wetu: neno la mwalimu wa darasa, sahihi ya mzazi, hata picha ya darasa zima. Katende naye hakuomba sheria ifutwe, aliomba mtu aangalie watoto kwanza.

Filme itazameni, hasa mwisho, pale waigizaji wanaposimama mmoja mmoja kando ya watu wa kweli waliowaigiza. Nikita Pearl Waligwa, yule mdogo aliyecheza Gloria, aliyemfundisha Phiona kwamba askari mdogo akifika mwisho wa mbao anaweza kuwa malkia, alifariki Februari 2020, akiwa na miaka 15. Ukijua hilo, ile sehemu yake inauma.

Rasimu bado iko kwa katibu, kifungu ni cha tatu. Mukutano ni siku ya Mungu, saa nane.