Pongezi kwa Wanaohesabu Taa Tatu

Ndege binafsi ya jeti ikikaribia uwanja, rubani huteremsha magurudumu na kusubiri taa tatu za kijani: moja ya gurudumu la mbele, mbili za yale ya chini ya mabawa. Ya tatu ikigoma kuwaka, ndipo utamjua rubani. Haparamii swichi. Huongeza nguvu, hupaa tena na kuwaarifu walio mnarani. Kisha rubani mmoja hushika kazi ya kurusha ndege tu, mwenzake akifungua kitabu cha dharura.

Mgawanyo huo una historia chungu. Desemba 1972, karibu na Miami, marubani wa Eastern Air Lines walizama katika taa moja iliyoungua, wasione kwamba ndege inashuka taratibu. Ilianguka kwenye kinamasi cha Everglades, ikaua watu zaidi ya 100. Magurudumu yalikuwa sawa.

Kwenye jeti ndogo kuna shinikizo jingine: bosi yuko hatua chache nyuma, na ana mkutano. Nawavulia kofia wanaomwambia kwa upole, "Subiri kidogo, mzee." Subira hiyo huwapa muda wa kushusha magurudumu kwa njia ya dharura: katika jeti nyingi za aina ya Citation, mpini wa dharura hufungua makomeo, magurudumu yakashuka kwa uzito wake, kisha hewa iliyoshindiliwa kwenye chupa huyasukuma hadi yajifunge.

Chini, zimamoto wamekwisha kujipanga. Pengine kosa lilikuwa swichi tu. Fundi ataibadilisha, na bosi atalalamikia bili.