Saketi Inayosomeka

Kuna ufundi mmoja ambao ningependa kila kijana anayehusudu kompyuta auonje mapema, kabla hajaambiwa kwamba ni wa wakubwa: kuandika saketi kwa maneno, kisha kuiona chipu iliyo mezani ikigeuka kuwa saketi hiyo hiyo. Chipu yenyewe huitwa FPGA. Ukiinunua haina kazi. Haijui kujumlisha wala kuhesabu, haijui hata kuwasha taa, mpaka uipe umbo. Leo baadhi ya chipu hizo zinapewa umbo kwa zana zilizo wazi mwanzo hadi mwisho: msimbo wa zana unasomeka, mafaili ya kila hatua yanasomeka, na maana ya kila biti inayoingia ndani ya chipu imeandikwa mahali ambapo yeyote anaweza kuisoma. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa sababu kwa miaka thelathini lilikuwa nadra mno.

Wazo la FPGA ni la mhandisi Mmarekani Ross Freeman, aliyeanzisha kampuni ya Xilinx mwaka 1984 pamoja na Bernard Vonderschmitt na James Barnett. Wakati huo transista ilikuwa mali ya kubaniwa, na mbunifu wa chipu alizihesabu zake kwa uchungu. Freeman alitaka kuzimwaga. Alitaka chipu iliyosheheni transista ambazo nyingi zingekaa zikisubiri tu, tayari kuwa chochote mtumiaji atakachokitaka. Aliamini bei ya transista itaendelea kushuka mwaka hadi mwaka, na ikashuka kweli. Chipu yao ya kwanza, XC2064, ilitoka mwaka 1985 ikiwa na vizuizi 64 vya mantiki. Freeman alifariki mwaka 1989, mapema mno kuona alichokianzisha kimefika wapi.

Mcheza bao ataielewa FPGA upesi. Mashimo yamekwisha chongwa na hayahami. Mchezo wote umo katika kete zilivyogawanywa ndani yake. Mashimo ya FPGA ni seli za mantiki zilizopangwa safu kwa safu juu ya silikoni, na kete zake ni biti. Chukua chipu ndogo ya kampuni ya Lattice iitwayo iCE40HX1K. Ina seli 1,280. Kila seli inapokea waya nne, na kila waya hubeba sifuri au moja, kwa hiyo yanayoweza kufika mlangoni kwa pamoja ni ya namna 16 tu, hayazidi. Kwa kila namna, seli imehifadhi biti moja ya jibu. Basi. Andika biti hizo 16 upendavyo, nawe umechagua tendo moja kati ya matendo 65,536. Kando ya jedwali hilo kuna kikumbukio cha biti moja, kinachobadilika pale tu saa ya chipu inapodunda, na kuzunguka seli zote kuna mtandao wa waya wenye swichi nyingi za kuamua nani aongee na nani.

Nimelijua jambo hili muda mrefu na bado linanisisimua. Vitabu vya elektroniki hutufundisha lango la NA, lango la AU, lango la SI, kila moja na mchoro wake, tukaamini kwamba kompyuta imejengwa kwa vitu hivyo kama vilivyochorwa. Ndani ya jedwali la seli ya iCE40 hakuna lango hata moja kati ya hayo. Kuna kumbukumbu ya biti 16. Swali linapofika, jibu lilikwisha andikwa. Mtu akilielewa hilo vizuri, mpaka kati ya kukumbuka na kufikiri unaanza kumtikisikia, na hapo ndipo mwanafunzi wa mantiki anapopata usingizi wa shida.

Sasa, biti hizo zote, za majedwali na za swichi, hukusanywa katika faili moja linalomiminwa ndani ya chipu umeme unapowaka. Kwa iCE40HX1K faili hilo ni la kilobaiti kama 32, dogo kuliko picha ya simu. Na hapa ndipo kufuli lilipokuwa. Watengenezaji walikuuzia chipu, wakakupa programu yao ya kutengenezea faili, lakini maana ya biti zilizomo hawakuisema. Uliandika saketi yako, ukabonyeza kitufe, ukangoja, ukapokea. Kilichotokea katikati hakikuwa chako kukijua. Walikuwa na hoja zao: siri za kibiashara, hofu ya wateja kuibiwa kazi zao, gharama ya kujibu maswali. Sizidharau hoja hizo. Ila mwanafunzi anayefundishwa kwa kifaa kilichofungwa hujifunza kubonyeza, na kubonyeza si uhandisi.

Kufuli lilifunguliwa kwa subira. Claire Wolf alikuwa amekwisha andika Yosys, programu huria ya usanisi iliyoanza kama kazi ya shahada ya kwanza katika chuo kikuu cha ufundi cha Vienna, Austria. Yosys iliweza kuchukua saketi iliyoandikwa kwa lugha ya Verilog na kuivunja kuwa majedwali na vikumbukio. Lakini kilichotoka kilihitaji chipu ya kukaa, na lugha ya chipu ilikuwa siri. Ndipo Wolf na Mathias Lasser wakaigeukia iCE40, chipu ndogo yenye mpangilio unaojirudiarudia, wakaanza kuihoji.

Namna ya kuihoji ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Unaandika saketi fupi kabisa. Unaipitisha katika programu ya mtengenezaji na kuliweka kando faili la biti linalotoka. Kisha unabadilisha kitu kimoja tu: jedwali la seli moja, au pini ambayo waya mmoja unatokea. Unapitisha tena, unalinganisha mafaili mawili. Biti iliyogeuka imejitaja yenyewe. Mtu hawezi kufanya hivyo kwa mkono mpaka mwisho, kwa hiyo unaandika skripti itunge saketi nyingi za ovyoovyo, na nyingine ihesabu ni biti gani huwaka kila mara kitu fulani kinapotumika, na haziwaki kamwe kisipotumika. Polepole ramani inajaa. Hakuna aliyevunja mlango wala kuiba karatasi. Chipu iliulizwa maswali mazuri, mengi, kwa mpangilio, nayo ikajibu.

Ramani hiyo waliiita Project IceStorm, wakaitoa kwa umma mwaka 2015. Mwaka huo huo mtu anayejulikana kwa jina la Cotton Seed aliandika arachne-pnr, programu ya kuzipa seli mahali na kuzinyooshea waya, na mnyororo ukakamilika: Verilog inaingia upande huu, biti zinatoka upande ule, bila hatua hata moja iliyofichwa. Mwezi Desemba Wolf aliueleza mnyororo huo mbele ya watu katika kongamano la 32C3 mjini Hamburg. Mwaka 2018 ikaja nextpnr kuchukua nafasi ya arachne-pnr, na ndiyo inayotumika hadi leo.

Anayetaka kuanza hahitaji mengi. Bodi ya iCEstick huchomekwa kwenye tundu la USB. Ina chipu hiyo ya seli 1,280, saa inayodunda mara milioni 12 kwa sekunde, na taa tano ndogo za LED. Bodi nyingine, iCEBreaker, ni kubwa zaidi, ina seli 5,280, na iliundwa makusudi kwa ajili ya wanaojifunza kwa zana huria. Kazi ya kwanza ni kuwasha na kuzima taa. Ukiifunga taa moja kwa moja kwenye saa, jicho halitaona kupepesa kokote, kwa hiyo unajenga kihesabio cha biti 24 kinachoongeza moja kila saa inapodunda, na taa unaifunga kwenye biti ya juu kabisa. Kihesabio hujaa baada ya midundo 16,777,216, yaani sekunde 1.4 hivi, na taa inapumua kwa mwendo huo. Kwa Verilog ni mistari isiyofika kumi. Faili jingine fupi linataja pini: kwa iCEstick, saa iko pini ya 21, taa iko pini ya 99.

Kisha amri nne. Ya kwanza, yosys, inageuza maneno kuwa orodha ya seli. Ya pili, nextpnr-ice40, inazitafutia seli hizo nyumba na njia. Ya tatu, icepack, inafunga biti. Ya nne, iceprog, inazipeleka kwenye bodi. Kihesabio kidogo kama hiki humalizika kabla maji ya chai hayajapata moto, hata kwenye kompyuta mpakato ya zamani, hata kwenye Raspberry Pi. Kwa msomaji wangu anayenunua bando la intaneti kwa siku, hili si jambo dogo: mafurushi ya programu za watengenezaji wakubwa hufika makumi ya gigabaiti, ilhali zana hizi zote kwa pamoja unazipakua kwa megabaiti mamia kadhaa. Mwalimu mmoja akizipakua mara moja, darasa zima linanakili kwenye diski zao, na hakuna leseni ya kuomba.

Lakini usikimbilie amri ya nne. Kati ya ya pili na ya tatu kuna faili la maandishi, nami namwomba kila anayeanza alifungue kwa kihariri cha kawaida na alitazame. Humo chipu imeandikwa kigae kwa kigae. Kila kigae cha mantiki kina anwani yake, namba ya safu wima na namba ya safu mlalo, na kina seli nane ndani yake. Chini ya anwani ipo mistari 16 yenye herufi 54 kila mmoja, zote sifuri na moja. Vigae vingi ni sifuri tupu. Halafu, mahali fulani, unakutana na vichache vilivyojaa, vimesimama kimoja juu ya kingine, na hapo ndipo kihesabio chako kilipo. Rudi kwenye Verilog, ongeza biti mbili, pitisha tena, fungua tena. Utakiona kimerefuka. Sijui kitu kingine katika kompyuta za leo ambapo umbali kati ya neno ulilolichapa na mahali lilipotua kwenye silikoni ni mfupi hivi na unapitika hivi.

Aliyezoea kuandika programu atateseka kidogo mwanzoni, na mateso hayo ni halali. Katika programu mstari wa pili hungoja wa kwanza. Katika saketi hakuna anayemngoja mwenzake. Seli zote 1,280 zinafanya kazi kwa wakati mmoja, na kinachozipatanisha ni saa peke yake. Midundo milioni 12 kwa sekunde maana yake kila mdundo una nanosekunde 83, na ndani ya muda huo kila ishara lazima iwe imetoka kikumbukioni, imepita majedwali yote yaliyo njiani, na kufika inakokwenda. nextpnr hupima njia iliyo ndefu kuliko zote, hukutajia seli na waya iliyopitia moja baada ya nyingine, na kukwambia saketi yako inaweza kuhimili saa ya kasi gani. Mwanafunzi anayeisoma ripoti hiyo anaanza kuona muda kuwa kitu chenye urefu.

Kabla ya bodi, pia, iko meza ya kuigiza. Icarus Verilog huendesha saketi ndani ya kompyuta, na GTKWave huichora kama mawimbi ya mraba, waya juu ya waya, mdundo kwa mdundo. Kwenye bodi unaiona taa tu. Kwenye mawimbi unaona kwa nini imewaka. Mwenye hamu zaidi atafika SymbiYosys, ambayo haiishii kwenye kuigiza, bali huthibitisha kihisabati kwamba jambo ulilolikataza haliwezi kutokea kamwe. Ni somo la siku nyingine, ila ni zuri ajabu.

Zana hizi zina mipaka na ni haki kuisema. Chipu za ECP5 za Lattice zinahudumiwa vizuri na baadhi ya chipu za Gowin pia, lakini kwa chipu kubwa za kampuni kubwa kazi haijakamilika, na mhandisi wa mitambo ya simu ataendelea kuhitaji programu ya mtengenezaji. Hilo halimzuii mwanafunzi. Baada ya taa, namshauri ajenge kifaa cha kutuma herufi kwa kompyuta, biti moja baada ya nyingine, kwa mwendo wa biti 115,200 kwa sekunde. Agawe milioni 12 kwa namba hiyo atapata 104 na kidogo. Ahesabu midundo 104 kwa kila biti, kosa linalobaki halifiki hata sehemu mbili kwa elfu, na herufi yake ya kwanza itatokea kwenye skrini. Baada ya hapo aichukue PicoRV32, kichakato kidogo cha RISC-V ambacho Wolf alikiandika na kukitoa huria. Kinaenea ndani ya iCEBreaker. Aandike programu kwa lugha ya C, aitafsiri kwa GCC, aiendeshe juu ya kichakato hicho, na atakuwa ameketi mbele ya kompyuta ambayo anaweza kuifuatilia kutoka mstari wa C hadi maagizo ya mashine, kutoka maagizo hadi Verilog, kutoka Verilog hadi kigae chenye anwani.

Kilichobaki kimefungwa ni silikoni iliyo chini ya vigae, na huko nako mlango umeshasogezwa. Mwaka 2020 Google na kiwanda cha SkyWater cha Marekani walitoa kwa umma kanuni za kuchorea chipu za nanomita 130, na mnyororo huria wa zana uliojengwa juu yake unaanza na Yosys ile ile. Mistari ile isiyofika kumi ya kihesabio, ambayo leo inamiminwa ndani ya FPGA na kufutika humo umeme ukikatika, inaweza kupitishwa humo na kuchongwa kwenye chipu halisi.