Ukakamavu wa Nani? Uteuzi wa Neno Katika Majibu ya Sifa za Wahusika

Swali la sifa za wahusika ni miongoni mwa yale ambayo mtahiniwa wa Karatasi ya Tatu huyatarajia zaidi, na ambayo aghalabu huyajibu kwa wepesi. Yeyote aliyewahi kusahihisha majibu ya swali hili anafahamu kwamba kuna neno moja ambalo halikosekani: mkakamavu. Tunu ni mkakamavu. Mwelusi ni mkakamavu. Tamima aliyepigwa na mumewe akanyamaza, naye ni mkakamavu. Mwanafunzi hutaja sifa hiyo, huambatisha mfano mmoja kutoka kitabuni, kisha huenda kwa sifa ya pili. Mwalimu naye hutia alama ya vyema.

Makala haya yanadai kwamba alama hiyo ya vyema hutolewa mapema mno. Kiswahili kina maneno mengi ya kumweleza mtu asiyelegea, na hayana maana moja. Anayeteua mojawapo huwa tayari ametoa hukumu juu ya mhusika, juu ya aliyemtesa na juu ya jamii yake. Mwanafunzi asipofundishwa kuitambua hukumu hiyo, atajifunza kusifu mambo ambayo mwandishi aliyashutumu.

Maneno na mizizi yake

Tuanze na maneno yenyewe. Kitenzi kakamaa huweza kutumiwa kwa ngozi iliyoanikwa juani ikawa ngumu na kavu. Kutokana na maana hiyo ya kukaza tunapata mkakamavu, mtu anayejikaza katika jambo bila kulegea. Kitenzi shupaa kina njia mbili. Njia moja hutupeleka kwa shupavu, shujaa asiyetishika. Nyingine hutupeleka kwa mshupavu wa dini au wa chama, mtu asiyesikia la mwenziwe. Sugu ni ile ngozi nene inayoota kiganjani mwa mkulima kwa kusuguliwa na mpini wa jembe. Humkinga mkulima na maumivu, lakini pia humwondolea hisi mahali hapo. Ndiyo maana tuna ugonjwa sugu na mhalifu sugu, wala hatusemi mzazi sugu kwa nia ya kumsifu.

Ugumu nao huandamana na viungo vya mwili, na kila kiungo huugeuza. Mwenye kichwa kigumu haelewi au hasikii, mwenye mkono mgumu hatoi, na mwenye moyo mgumu hana huruma. Hata methali yetu ya samaki mkunje angali mbichi inatuonya kuhusu upande huu: samaki aliyekwisha kukauka hakunjiki, huvunjika. Kwa hivyo, ugumu si sifa njema kwa asili yake. Huwa njema au mbaya kutegemea unapinga nini.

Ugumu mmoja, wahusika wawili

Chukua mfano wa Kifo Kisimani, tamthilia ya Kithaka wa Mberia iliyochapishwa mwaka wa 2001. Mwelusi anateswa na watawala wa Butangi, lakini hasaliti harakati za wenzake. Gege naye anamuua Mwelusi, ndugu yake wa damu, kwa kuahidiwa kumwoa Alida, binti wa Mtemi Bokono. Tukitumia kipimo cha kutolegea tu, wote wawili ni wagumu, kwani kumuua ndugu kwataka moyo mgumu. Hata hivyo, hakuna mwalimu atakayekubali jibu kwamba Gege ni mkakamavu. Kwa nini? Kwa sababu tunajua, hata tusiposema, kwamba mkakamavu ni neno la kusifu na kwamba lina sharti ndani yake: anayejikaza ajikaze kwa ajili ya jambo linalostahili, na gharama ailipe yeye mwenyewe. Mwelusi analipa kwa maisha yake. Gege anataka kulipa kwa maisha ya mwenziwe.

Kipimo hichohicho kinatufaa katika Kigogo cha Pauline Kea, kilichotahiniwa katika KCSE kati ya 2018 na 2022. Majoka harudi nyuma. Tunu vilevile harudi nyuma. Mmoja anashikilia kiti na mali ya Sagamoyo, mwingine anashikilia haki ya wachuuzi waliofungiwa soko, na anaendelea kuishikilia hata baada ya kuumizwa mguu na wahuni. Wa kwanza ni mshupavu kwa maana ya kutosikia, wa pili ni shupavu kwa maana ya kutotishika. Mwanafunzi anayeweza kuandika sentensi kama hiyo ameielewa tamthilia kuliko yule aliyeorodhesha sifa sita.

Mvumilivu au aliyenyimwa njia?

Tatizo ni kubwa zaidi tunapofika kwa wahusika wa kike. Katika Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka wa 1980, Tamima anaishi chini ya amri za mumewe, Bwana Maksuudi, hadi anapopigwa na kupewa talaka. Wanafunzi wengi humwita mvumilivu au mkakamavu, na methali ya mvumilivu hula mbivu huwa karibu kuwasaidia. Lakini Tamima anakula mbivu ipi? Uvumilivu ni sifa pale mtu anapokuwa na njia nyingine akachagua kusubiri. Aliyefungiwa milango yote hajachagua kuvumilia, amenyimwa njia. Tukimsifu kwa kunyamaza, tumemsaidia Maksuudi.

Tazama sasa bintiye, Maimuna. Mamake anaposhikwa na uchungu wa kuzaa, Maimuna anaivunja amri ya babake ya kutotoka nje ili kumtafutia mkunga. Kwa mtazamo wa Maksuudi, huo ni ukaidi. Kwa mtazamo wa Tamima aliye kitandani, huo ni ujasiri. Kitendo ni kimoja, majina ni mawili, na mwanafunzi anayeandika kwamba Maimuna ni mkaidi bila maelezo amekwisha kusimama upande wa baba pasipo kujua.

Nalo chozi je? Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, Ridhaa analia mbele ya magofu ya nyumba yake iliyoteketea pamoja na jamaa zake. Baadhi ya wavulana katika madarasa yetu humwona mnyonge kwa sababu mwanamume halii. Huku ni kuchanganya ukakamavu na usugu. Asiyeweza kulia baada ya msiba kama huo ameota sugu moyoni. Ridhaa analia, kisha anaendelea kuishi. Riwaya yenyewe imebeba chozi katika anwani yake. Itakuwa ajabu msomaji aone chozi hilo kuwa dosari ya mhusika.

Pendekezo darasani

Kwa mintarafu hii, napendekeza kwamba kila mwanafunzi anapotaja sifa yoyote ya ugumu tumtake ajibu maswali matatu. Mhusika anapinga nini? Anapinga kwa manufaa ya nani? Ni nani anayelipa gharama? Kisha ateue neno. Zoezi zuri ni kuandika ubaoni mkakamavu, shupavu, mvumilivu, mkaidi, sugu na mwenye moyo mgumu, kuteua tendo moja la mhusika mmoja, na kuwagawa wanafunzi katika makundi yatakayolieleza tendo hilo kwa macho ya wahusika tofauti. Kipindi kimoja chatosha. Wataona wenyewe kwamba jina la sifa hutegemea aliyelitoa.

Huenda mwalimu mwenzangu akasema kwamba mtihani hautaki falsafa hii, na kwamba mwongozo wa kusahihisha unaikubali sifa yoyote iliyo na mfano. Ni kweli kwamba alama hupatikana hivyo. Lakini mbele yetu wameketi wasichana ambao baadhi yao watarejea jioni katika nyumba zinazofanana na ya Maksuudi, na wavulana ambao wamekwisha kuambiwa wasilie. Wanatusikiliza tunapotoa sifa. Msichana aliyeona mwalimu akitia vyema kwenye sentensi isemayo kuwa mke aliyepigwa akanyamaza ni mkakamavu, amefunzwa jambo ambalo halikuwa katika silabasi. Kalamu nyekundu nayo hufundisha. Basi kabla ya kuitia alama, tuulize kwanza: ukakamavu wa nani, na dhidi ya nini?