Siku 45 za Tume: Kukisoma Kifungu cha Leseni

Kanuni za serikali ya Marekani kuhusu kasino za makabila ya wenyeji asilia zina kifungu kifupi, 558.4, kinachohusu kusimamisha leseni ya mfanyakazi. Ukikipitia haraka utaridhika: notisi ya maandishi ipo, kikao cha kusikilizwa kipo, uamuzi upo. Lakini kifuate sentensi kwa sentensi.

Tume ya taifa inayosimamia michezo ya kamari ya makabila, iliyoundwa kwa sheria ya 1988, inapata habari za kuaminika kwamba mtu fulani hastahili leseni. Inalijulisha kabila. Kabila linatakiwa kuisimamisha leseni papo hapo na kumwandikia mhusika kwamba imesimamishwa na kwamba kuna kusudio la kuifuta. Kisha anaarifiwa saa na mahali pa kikao. Mwishowe kabila linaamua kufuta au kurudisha. Mgawa karata, ambaye naye kanuni zinamhesabu kuwa mfanyakazi muhimu, yaani miongoni mwa wanaohusika na kifungu hiki, anakuwa ameshatolewa mezani kabla hajafungua mdomo.

Tazama pia ni nani anayetenda. Tume inajulisha, kabila linasimamisha, kabila linaarifu, kabila linaamua. Mwenye leseni hatendi chochote. Hakuna sentensi ambamo anajibu, anaita shahidi au anaoneshwa ushahidi. Kikao kimepewa saa na mahali, basi. Nani atakaa kitini kusikiliza, na kama ndiye yuleyule aliyefanya uchunguzi, hatuambiwi.

Ukimya huo nautetea kwa kiasi kikubwa. Makabila haya yana serikali na mahakama zao, na Washington ikiandika kila hatua ya shauri itakuwa imeingia nyumba isiyo yake. Nafasi imeachwa ili sheria za kabila lenyewe ziijaze. Ninachokipinga ni hesabu ya siku. Muda uliotajwa kwa tarakimu ni mmoja tu, siku 45, nao unaanzia kabila linapopokea taarifa ya Tume na kuishia linapoijulisha Tume uamuzi wake. Mfanyakazi ananufaika na ukomo huo kwa kuwa tu yuko njiani. Zikipita siku 60, mwenye haki ya kuuliza, kwa maandishi haya, ni Tume. Aliyekosa mshahara hatajwi.

Mahakama Kuu ya Marekani iliwahi kulikuta pengo linalofanana na hili. Katika kesi ya Barry v. Barchi ya 1979, mkufunzi wa farasi wa mashindano huko New York alisimamishiwa leseni kwa siku 15 baada ya farasi wake kukutwa na dawa. Mahakama ilikubali asimamishwe kwanza. Iliyoikataa ni sheria isiyohakikisha kwamba atasikilizwa upesi baada ya hapo, kwa maana angeweza kuimaliza adhabu yote kabla kikao hakijaitwa. Majaji waliisoma kalenda ya sheria ile, nao wakaona haki ya kusikilizwa imo ndani ya tarehe.

Hukumu hiyo haiyafungi makabila moja kwa moja. Sheria ya haki za kiraia ya 1968 ndiyo inayoyakataza kumnyang'anya mtu uhuru au mali bila utaratibu wa haki. Lakini kesi ya Santa Clara Pueblo v. Martinez ya 1978 iliamua kwamba, isipokuwa kwa ombi la mtu aliyewekwa kizuizini, sheria hiyo haimpi mlalamikaji njia ya kulishtaki kabila mbele ya mahakama ya shirikisho. Mgawa karata hayuko kizuizini. Amebaki na sheria ya kabila, jinsi ilivyoandikwa.

Ndiyo maana waandishi wa sheria za makabila wana kazi ambayo kifungu cha 558.4 hakikuifanya: kuandika sentensi inayoanza na mwenye leseni, ikisema atapewa ushahidi siku ngapi kabla ya kikao, atasikilizwa ndani ya siku ngapi tangu asimamishwe, na leseni yake itakuwaje siku hizo zikipita.