Kufumua

Kibarazani kwetu Chumbageni, Tanga, mama alikuwa akishona kofia za vito. Kofia moja ilimla miezi. Akikosea tundu moja, tena tundu ambalo hulioni mpaka uielekeze kofia kwenye mwanga, alifumua mstari mzima bila kusonya. Aliyesonya ni mimi. Niliona anapoteza wakati.

Nilikuja kumwelewa chuoni Mlimani, Dar es Salaam, katika darasa la Kiingereza. Lilikuwa somo la fasihi na uandishi, balagha, ule ufundi wa kushawishi kwa maneno, ikiwa imechomekwa katikati, nami nilikwenda nikiamini nakwenda kupewa maneno makubwa. Katika insha yangu ya kwanza niliyapanga maneno hayo kama vyombo vya bibi harusi kabatini. Mhadhiri aliirudisha bila alama. Pembeni aliandika kwa penseli swali moja tu: unamwambia nani?

Sikuwa nikimwambia mtu. Nilikuwa nikionyesha vyombo.

Balagha nayo niliidhania ngeni mpaka tulipofika kwenye mazishi ya Caesar katika tamthilia ya Shakespeare. Brutus anasimama mbele ya Warumi, anasema kwa nathari, hoja zimenyooka, watu wameridhika. Kisha anapanda Antony, anamsifu Brutus. Anamsifu tena. Anamsifu hata sifa inachacha, na umati ule ule unaondoka pale kwenda kuchoma nyumba. Wenzangu waliandika madaftarini: kinaya, takriri. Mimi nilicheka peke yangu. Kumbe ni kijembe! Kwetu shoga humaliza kazi hiyo kwa kanga moja, apite nayo mlangoni pako na salamu akupe. Mji uliolea vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star hauhitaji kuelezwa kwamba sifa yaweza kuwa tusi.

Kilichoongezwa na darasa ni subira ya kufungua mashine. Sifa ile inaanza kuuma mara ya ngapi? Mbona si ya kwanza? Ukiiondoa moja, hotuba inapungua nini? Tulikaa na ukurasa mmoja siku tatu, na sijutii hata saa moja.

Aliyenifunza zaidi juu ya ukurasa huo, hata hivyo, ni Mwalimu Nyerere. Alisoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, na fasihi ya Kiingereza ilikuwa miongoni mwa masomo yake. Tafsiri yake ya tamthilia hiyo ilitoka 1963, yeye akiwa Rais. Nani angethubutu kumrudishia Rais kazi akaifanye upya? Alijirudishia mwenyewe. Mwaka 1969 ikatoka tena imesahihishwa, na hata jina limefumuliwa: Julius Caezar imekuwa Juliasi Kaizari. Azimio la Arusha halijatimiza miaka mitatu, nchi ina kila aina ya shida, na mkuu wake amekaa anahangaika na irabu za jina la Mrumi. Mwaka huohuo akatoa na Mabepari wa Venisi. Mimi napenda kiongozi wa namna hiyo.

Na kuna jirani yetu. Shaaban Robert alizaliwa 1909 Vibambani, Machui, kusini kidogo ya mji wa Tanga. Alikuwa karani wa serikali, chuo kikuu hakukisoma, na mwaka 1954 kikatoka kitabu chake Kielezo cha Insha. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, lakini waalikwa walikuwa wale waandikao kwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati ule mwanafunzi mwenye hadithi fupi chache tu, aliingia. Shaaban, aliyeandika kwa Kiswahili, hakuwa na sifa ya kualikwa. Mwezi huohuo akafariki. Ngũgĩ hakulisahau jambo hilo. Mwaka 1968, pale chuoni Nairobi, yeye na Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitaka idara ya Kiingereza ifutwe. Nawaelewa. Ila ile penseli ya pembeni ningewaomba waibakishe, na mezani, kando ya Shakespeare, waweke Kielezo cha Insha.

Sasa nimerudi Chumbageni, na wanafunzi wa mtaani huniletea rasimu zao. Juzi amekuja binti wa jirani, yuko mwaka wa kwanza, ameandika kurasa nne juu ya Brutus.

"Shikamoo mwalimu. Nataka unisahihishie Kiingereza tu."

"Marahaba. Nisomee kwanza, mwanangu."

Alisoma kwa kasi, sauti ya mtihani. Sentensi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita kwa kuchechemea. Kwenye ya tatu akanyamaza, akairudia kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Hapa sijui nilitaka kusema nini."

Akanyoosha mkono kuomba penseli.