Vitabu Walivyovipenda Wafanyakazi wa Maktaba

Baadhi ya wenzangu wameipita ile rafu ndogo iliyo karibu na meza ya kuazimia vitabu wakatabasamu tu. Wafanyakazi wa maktaba wamepanga humo riwaya za Kiswahili walizozifurahia wenyewe, kila moja na kadi iliyoandikwa kwa mkono. Nilizisoma kadi zote, na naona zinastahili kuhakikiwa.

Iliyonisikitisha ni kadi ya Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi. Inasema kwamba kitabu "kinawafunza wasichana maadili mema". Basi. Hiyo si kauli ya mtu aliyefurahia kitabu. Ni jibu la mtihani, tena jibu pungufu. Zakaria anampiga bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana, na tangu hapo riwaya inatulazimisha kujiuliza kama ukali wa mzazi haukuwa chanzo cha maangamizi ya Rosa. Kama yangekuwa mawaidha matupu kwa wasichana, kitabu kisingepigwa marufuku mashuleni huko Tanzania. Lakini nimlaumu nani? Aliyeandika kadi hiyo alipita madarasani mwetu. Sisi ndio tuliomzoesha kutafuta "funzo" kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Kadi ya Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla ni kitu kingine kabisa. Mwandishi wake ni karani wa zamu ya jioni, ambaye Kiswahili alikipata sokoni na redioni. Upatanisho wa ngeli umemshinda mara tatu, wala sitamsahihisha. Anasema alipitiliza kituo chake cha teksi kwa hamu ya kujua nani kamwua Bwana Ali, na kwamba Bwana Msa, na kiko chake, alimkumbusha mjomba wake anayenyamaza huku akiona kila kitu. Sisi tungeandika "taharuki imejengwa kwa ufundi" tukaenda kwenye swali linalofuata. Yeye ameonyesha taharuki ilimfanya nini.

Hapa Uganda wanafunzi wetu wengi hukutana na riwaya ya Kiswahili darasani tu, na wakishahitimu hawaigusi tena. Juzi msichana wa mwaka wa pili alinionyesha Mzimu huo akaniuliza, "Mwalimu, kimo katika silabasi?" Nikamwambia hakimo. Akasita kidogo, kisha akaenda kukiazima.